Shilingi 817,000 kwa Mwezi: Bei ya Timu ya Wanawake Kitui na Makueni

Kenya Police Bullets walitwaa taji la Ligi Kuu ya Wanawake ya Kenya msimu wa 2023/24, na msimu wa 2024/25 wakalitwaa tena. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, kombe la wanawake halikutoka katika nyumba mbili tangu 2017/18 hadi 2024/25: JKT Queens au Simba Queens. Timu ya polisi, timu ya jeshi la kujenga taifa na timu ya klabu kongwe ya Kariakoo hazichezi soka ya aina moja. Kinachozifananisha ni kwamba nyuma ya kila moja ipo taasisi yenye desturi ya kulipa watu wake mwezi unapokwisha.

Mazungumzo ya kufufua ligi ya kulipwa ya wanawake yangefaa kuanzia hapo. Mara nyingi huanzia kwenye uwanja, kombe la gavana au jezi mpya. Vyote hivyo vina bei, lakini si bei kubwa. Makala haya yanapiga hesabu ya timu moja ya wanawake ya kiwango cha Ligi Kuu, inayowakilisha kaunti za Kitui na Makueni kwa pamoja: inagharimu nini, nani anaweza kuilipia, na pesa hukatikia wapi.

Vipaji vipo, malipo hayapo

Soka ya wanawake Kenya haikukosa matokeo. Novemba 2019 timu ya taifa, Harambee Starlets, iliilaza Tanzania 2-0 jijini Dar es Salaam na kutwaa ubingwa wa CECAFA, yaani wa Afrika Mashariki na Kati. Mwaka 2024 wasichana wa chini ya miaka 17, Junior Starlets, wakawa timu ya kwanza ya Kenya ya kandanda, ya wanaume au ya wanawake, kufuzu Kombe la Dunia la FIFA. Walikwenda Jamhuri ya Dominika na kuwafunga Mexico 2-1. Oktoba 2025 Starlets waliibandua Gambia na kukata tiketi ya Kombe la Afrika kwa mara ya pili, baada ya ile ya 2016.

Ligi inayowalea wachezaji hawa imeyumba mara kwa mara. Mwaka 2021 ilichezwa kwa kanda mbili. Novemba mwaka huo serikali ililivunja shirikisho la soka, na Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya hadi mwishoni mwa Novemba. Starlets walipoteza nafasi yao ya kucheza na Uganda kuwania Kombe la Afrika la 2022 bila mpira kuguswa. Wachezaji wazuri nao hawakungoja. Jentrix Shikangwa na Corazone Aquino walivuka mpaka wakaenda kuchezea Simba Queens.

Kwa hiyo kufufua hapa hakumaanishi kuunda ligi kutoka mwanzo. Ligi ipo. Kinachohitaji kufufuliwa ni neno "kulipwa".

Kipimo cha Vihiga

Katika orodha ya mabingwa wa Kenya hamna timu ya Kitui wala ya Makueni. Je, kaunti hizi ni ndogo mno au maskini mno? Hebu tuzipime na Vihiga.

Sensa ya 2019 iliihesabia Vihiga watu 590,013. Timu yake, Vihiga Queens, inayofadhiliwa na serikali ya kaunti, ilishinda mchujo wa CECAFA jijini Nairobi mwaka 2021 kwa kuifunga CBE ya Ethiopia 2-1 katika fainali, kisha ikaenda Cairo kwa makala ya kwanza kabisa ya Ligi ya Mabingwa Afrika ya Wanawake.

Sensa hiyohiyo iliihesabia Kitui watu 1,136,187 na Makueni 987,653. Jumla ni 2,123,840, yaani zaidi ya mara tatu na nusu ya Vihiga. Mgao wa mapato ya kitaifa wa Vihiga ni zaidi ya shilingi bilioni 5 kwa mwaka. Kitui hupata zaidi ya bilioni 10 na Makueni zaidi ya bilioni 8. Kwa watu na kwa pesa, Ukambani wa kusini na mashariki hauna udhuru.

Udhuru upo kwenye ardhi. Kitui ina takriban kilomita mraba 30,400, na ndani yake zingeenea kaunti zaidi ya 50 za ukubwa wa Vihiga. Msichana wa Vihiga anaweza kwenda mazoezini kwa bodaboda na kurudi kabla ya giza. Msichana wa Tseikuru, kaskazini mwa kaunti, anayetakiwa katika uwanja wa Ithookwe mjini Kitui saa kumi jioni hana budi kuhamia mjini, na akihamia anahitaji chumba, chakula na nauli. Ndiyo maana hapa kipaji hakiwezi kulelewa kwa marupurupu ya siku ya mechi. Lazima kiwe na mshahara.

Bili ya mwaka mmoja

Hesabu inayofuata ni makadirio yangu. Nimechukua ligi ya timu 12, mechi 22, nusu nyumbani na nusu ugenini, na mikataba ya miezi 12. Msomaji mwenye bei nyingine anaweza kubadilisha tarakimu na kuendelea.

Wachezaji ni 22, kila mmoja kwa shilingi 25,000 kwa mwezi. Kiasi hicho hakikuokotwa hewani. Amri ya mishahara iliyoanza Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha kibarua wa Nairobi kwenye takriban shilingi 16,100. Kwa upande mwingine, ripoti ya FIFA ya 2024 kuhusu klabu za wanawake ilionyesha kuwa wachezaji wa klabu za daraja la tatu duniani hulipwa wastani wa dola 2,805 kwa mwaka. Kwa shilingi 129 kwa dola, hiyo ni kama shilingi 30,000 kwa mwezi. Shilingi 25,000 iko katikati ya viwango hivyo viwili, na inatosha mtu kuacha kibarua kingine na kufanya mazoezi kila siku.

Benchi la kiufundi lina watu watano: kocha mkuu 60,000, msaidizi 40,000, kocha wa makipa 35,000, mtaalamu wa viungo 40,000 na meneja wa timu 35,000. Jumla ni 210,000 kwa mwezi.

Wachezaji na benchi kwa pamoja ni 760,000 kwa mwezi. Ongeza sehemu ya mwajiri: asilimia 6 ya NSSF na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba. Unapata shilingi 817,000 kila mwezi, au 9,804,000 kwa mwaka.

Bili nzima inakuwa hivi:

- Mishahara na makato ya mwajiri: 9,804,000
- Safari za mechi 11 za ugenini: 1,613,600
- Chakula cha mchana siku 200 za mazoezi, watu 26 kwa shilingi 250: 1,300,000
- Jezi, viatu na mipira: 700,000
- Bima na matibabu, watu 27 kwa 20,000: 540,000
- Mechi 11 za nyumbani (ambulensi, ulinzi, kutayarisha uwanja), 45,000 kila moja: 495,000
- Usajili, leseni na ofisi: 300,000
- Dharura, asilimia 5: 737,630

Jumla: shilingi 15,490,230. Tuseme milioni 15 na nusu.

Ukiigawa kwa wakazi wa kaunti zote mbili, kila mtu analipa shilingi 7 na senti 30 kwa mwaka. Ukiilinganisha na mgao wa bilioni 18, ni senti 86 katika kila shilingi 1,000.

Barabara inaogofya kuliko inavyogharimu

Anayetazama ramani huogopa safari kwanza. Kutoka Kitui hadi Nairobi au Thika na kurudi ni kama kilomita 350. Kwenda Vihiga, Kisumu au Bungoma na kurudi ni kama 1,050. Mombasa, kupitia Kibwezi, ni kama 900. Tukichukua mechi tano za Nairobi na viunga vyake, tano za magharibi na moja ya Pwani, basi litatembea kilomita 7,900 msimu mzima. Kwa kukodi basi, mafuta na dereva kwa shilingi 120 kwa kilomita, ni 948,000. Safari sita ndefu zitahitaji malazi ya usiku mmoja kwa watu 26 kwa 2,000, yaani 312,000. Chakula cha njiani, sahani kwa shilingi 400, ni 353,600.

Safari zote hizo ni asilimia 10 ya bili. Mishahara ni asilimia 63. Kaunti inayotoa basi na kupiga picha ya kuliaga imetatua sehemu moja ya kumi ya tatizo.

Barabara yenyewe imebadilika kwa faida ya wazo la timu ya pamoja. Lami ya Kibwezi–Mutomo–Kitui, sehemu ya mradi wa kilomita 192 unaofika Migwani, imeunganisha barabara kuu ya Mombasa na mji wa Kitui. Timu inaweza kucheza nusu ya mechi zake za nyumbani Ithookwe, uwanja ulioandaa sherehe za kitaifa za Mashujaa Oktoba 2025, na nusu nyingine Makueni, bila kuigeuza ratiba yake kuwa utalii.

Timu mbili, moja kila kaunti, zingegharimu milioni 31 na kugombania wachezaji walewale. Mkazi wa Makueni angelipa karibu shilingi 16 badala ya 7.

Lango la uwanja halilipi

Tuseme watu 800 wanafika kila mechi ya nyumbani, na kiingilio ni shilingi 100. Mechi 11 zinaleta 880,000, chini ya asilimia 6 ya bili. Ili tiketi peke yake ilipe timu, kila mechi ingehitaji watu 14,082 wenye kulipa.

Marekani walishapita njia hii. Ligi yao ya WUSA ilianza Aprili 2001 ikiwa na timu nane na nyota waliotwaa Kombe la Dunia la 1999. Msimu wa kwanza ilivuta wastani wa watu zaidi ya 8,000 kwa mechi. Waanzilishi walikuwa wamepanga kutumia dola milioni 40 kwa miaka mitano, zikaisha ndani ya mwaka wa kwanza. Septemba 2003, baada ya misimu mitatu na takriban dola milioni 100, ligi ilisimamishwa. Iliyofuata, WPS, ilicheza misimu mitatu tu, kuanzia 2009 hadi 2011.

Ya tatu, NWSL, ilianza 2013 kwa unyenyekevu. Mashirikisho ya Marekani, Canada na Mexico yalibeba mishahara ya wachezaji wa timu zao za taifa, na klabu zikawekewa kikomo cha dola 200,000 kwa mishahara ya wachezaji waliobaki. Kima cha chini kilikuwa dola 6,000 kwa msimu, pesa kidogo mno kwa maisha ya huko, na wachezaji walilalamika kwa haki. Lakini ilikuwa pesa iliyokuwepo. Ligi hiyo ingali hai, na mishahara yake imepanda mara nyingi tangu wakati huo.

Fundisho kwa Kitui na Makueni si kwamba wanawake walipwe kidogo. Ni kwamba mshahara uwekwe pale ambapo mlipaji mwenye uhakika anaweza kuufikia, kisha upande. Ahadi ya shilingi 60,000 inayokatika mwezi wa nne ni mbaya kuliko 25,000 inayofika hadi wa kumi na mbili.

Mdhamini mmoja ni hatari

Ligi nzima ya timu 12 kwa kiwango hiki ingegharimu shilingi milioni 186 kwa klabu zote. Ongeza waamuzi na makamishna wa mechi 132 kwa 30,000 kila mechi, unafika karibu milioni 190.

Kiasi hicho kimewahi kuahidiwa katika soka ya Kenya. Mwaka 2020 kampuni ya kamari ya BetKing ilitia saini kuidhamini Ligi Kuu ya wanaume kwa shilingi bilioni 1.2 kwa miaka mitano, wastani wa milioni 240 kwa mwaka. Fungu la mwaka mmoja lingeilipia ligi ya wanawake na kubakisha milioni 50. Mkataba huo ulivunjika 2021. Kabla yake, mwaka 2019, SportPesa ilijiondoa katika udhamini baada ya mvutano wa kodi na leseni, na klabu zilizoitegemea zikaachwa zikihangaika. Mara mbili ndani ya miaka mitatu kandanda ya Kenya iliegemea nguzo moja, na mara mbili nguzo ikaondoka.

Tanzania ilipata mdhamini wa ligi ya wanawake mwaka 2018: Serengeti Lite, shilingi milioni 450 za Tanzania kwa miaka mitatu. Ukizigawa kwa mwaka na kwa timu 12, kila timu inapata kama milioni 12 na nusu za Tanzania, pesa zisizotosha mishahara hata ya robo mwaka kwa hesabu yetu. Ligi haikusimama kwa fedha hizo pekee. Jina la mdhamini liliipa ligi heshima, na mishahara ililipwa na jeshi na klabu kubwa. Msukumo zaidi unatoka CAF, shirikisho la soka la Afrika, linalotaka klabu ya wanaume inayocheza mashindano ya Afrika iwe na timu ya wanawake.

Zawadi za CAF nazo huvutia macho. Katika Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya 2024 bingwa alitengewa dola 600,000, takriban shilingi milioni 77, ambazo zingelipa timu yetu kwa miaka mitano. Hata aliyeshika mkia wa kundi alitengewa dola 150,000, kama milioni 19, zaidi ya bili ya mwaka mzima. Lakini ukanda wa CECAFA hutoa timu moja tu kupitia mchujo wake. Pesa hizo ni za kuotea. Haziwezi kuandikwa kwenye bajeti.

Nani alipe, na kwa njia gani

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la shughuli na viwanja vya michezo. Kwa hiyo hakuna anayehitaji kuuliza kama kaunti inaruhusiwa. Swali ni njia.

Kuwaandika wachezaji kama watumishi wa kaunti si njia. Kanuni za fedha za 2015 zinaitaka kaunti isitumie zaidi ya asilimia 35 ya mapato yake kwa mishahara, na kikomo hicho kimekuwa mzigo kwa kaunti nyingi. Bora iwe klabu iliyosajiliwa, yenye bodi yake na akaunti yake, inayopokea ruzuku na kukaguliwa. Kitui na Makueni tayari zimo pamoja na Machakos katika jumuiya ya kiuchumi ya SEKEB, kwa hivyo meza ya kukubaliana ipo.

Mgawanyo unaowezekana ni huu: kila kaunti milioni 5, jumla milioni 10, ambazo zinalipa mishahara yote na kubakisha kidogo. Milioni 5 na nusu zilizobaki zitokane na tiketi, wafanyabiashara na vitu badala ya pesa. Kiwanda cha nguo cha kaunti ya Kitui, KICOTEC, kinaweza kushona jezi. Chuo Kikuu cha SEKU kilichoko Kwa Vonza kinaweza kusajili wachezaji kama wanafunzi, kama Zetech ilivyofanya na timu yake ya Sparks. Wachezaji kumi wakipata karo na shilingi 10,000 za matumizi badala ya 25,000, bili ya mishahara inapungua kwa 1,935,000 kwa mwaka. Karo lazima itolewe humo, lakini msichana anabaki na shahada hata goti likiumia.

Kanuni moja isivunjwe: pesa za kaunti ziende kwenye mishahara tu. Mdhamini akiondoka, ikosekane jezi mpya, si kodi ya nyumba ya kipa.

Chini ya timu, ligi ya maeneobunge

Timu ya juu bila ligi ya chini itaanza kununua wachezaji Kakamega na Nairobi ndani ya misimu miwili. Kitui ina maeneobunge 8 na Makueni 6. Timu moja ya wasichana kila eneobunge, nyumbani na ugenini ndani ya kaunti, ni mechi 56 upande wa Kitui na 30 upande wa Makueni. Mechi moja, pamoja na matatu ya wageni, waamuzi, huduma ya kwanza, maji na chakula, inaweza kufanyika kwa 35,000. Mechi 86 ni shilingi 3,010,000. Vifaa vya 120,000 kwa kila timu ni 1,680,000. Jumla ni 4,690,000.

Timu ya kulipwa na ligi ya chini kwa pamoja ni milioni 20.2, au shilingi 9 na senti 50 kwa kila mkazi. Safari za chini ni fupi, lakini ratiba ifuate shule: msichana wa kidato cha tatu Kyuso hawezi kucheza muhula ukiwa katikati kila wikendi, na aliyemaliza shule hawezi kungoja likizo.

Mwezi wa tatu

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1. Mgao kutoka Hazina ya Kitaifa huchelewa, wakati mwingine kwa miezi, na magavana hulalamikia hilo kila mwaka. Ligi haingoji. Hivyo timu inaweza kuwa na bajeti kamili iliyopitishwa na bunge la kaunti na bado ikose pesa Septemba. Mchezaji huvumilia mwezi wa kwanza bila mshahara, wa pili hukopa, wa tatu huchukua begi. Timu inayofika ugenini na watu tisa haikuuawa na ukosefu wa mashabiki.

Dawa yake ina bei inayojulikana: mishahara ya miezi mitatu, 817,000 mara tatu, yaani shilingi 2,451,000, ikae kwenye akaunti ya klabu kabla ya mchezaji wa kwanza kusajiliwa, isiguswe ila mgao ukichelewa, na irudishwe ukifika. Ni pungufu ya asilimia 16 ya bili. Serikali za Kitui na Makueni zikiweza kuiweka, zina uwezo wa kuendesha timu ya kulipwa. Zikishindwa, ziiache Ligi Kuu kwa sasa na kutumia milioni 4.7 kwa ligi ya maeneobunge. Hiyo nayo ni soka ya kweli, na haimdai msichana miezi mitatu ya ujana wake.